Mshairi Aliyeitukana Bia ya Wabelgiji

Zamani nilipokuwa baharia, meli yetu ilitia nanga Antwerp, bandari kubwa ya Ubelgiji, ikakaa siku kadhaa ikishusha kahawa. Mimi pombe sijapata kuionja, na namshukuru Mwenyezi Mungu kwa hilo. Walakini jioni nilifuatana na wenzangu mgahawani, maana baridi ya melini ilikuwa haivumiliki, na pale palikuwa na moto. Wao waliagiza bia, mimi nikakumbatia kikombe changu cha kahawa.

Mmoja wa wenzangu alikuwa mnywaji, lakini haamini bia yoyote isipokuwa ya kwao. Kila gilasi aliyoletewa aliinusa, akakunja uso, akaisukuma kando. Mwenye mgahawa, mzee mcheshi, hakukasirika. Alimweleza kuwa bia ya kale ya Brussels hupikwa kwa shayiri na ngano, ikaachwa wazi usiku kucha ili hamira iliyomo hewani iingie yenyewe, kisha ikalazwa mapipani mwaka mmoja hata mitatu. Hutoka kali kama siki. Ikitiwa sukari huitwa faro. Akamletea hiyo ya sukari, na mwenzetu akaimaliza kimya kimya.

Mzee akacheka, akasema kuwa mwenzetu ana nafuu kuliko Mfaransa mmoja, mshairi, aliyekaa Brussels miaka miwili akiitukana faro mpaka siku ulimi wake ulipofungika. Niliporudi Mombasa nilimtafuta mshairi huyo vitabuni, na tangu hapo habari zake hazijanitoka moyoni.

Jina lake ni Charles Baudelaire. Alizaliwa Paris tarehe 9 Aprili 1821. Baba yake alikufa mwaka 1827, na mwaka uliofuata mama yake akaolewa na ofisa wa jeshi aliyeitwa Aupick, ambaye baadaye alipanda cheo akawa jenerali. Kijana na baba yake wa kambo hawakupatana. Mwaka 1841 wazee wake walimpakia katika merikebu iliyokuwa ikienda Calcutta, ili wamtenge na marafiki wabaya.

Hapo ndipo sisi watu wa pwani tunapopata fungu letu katika maisha yake, kwani aliingia katika bahari yetu hii ya Hindi. Alifika Mauritius na Réunion, akakataa kuendelea mbele, akarudi kwao. Safari haikutimiza mwaka, lakini joto, mawimbi na harufu za visiwa vile zilibaki katika mashairi yake mpaka mwisho.

Mwaka 1842 alipotimiza umri wa kurithi, alipokea mali ya kiasi cha faranga laki moja. Kwa miaka miwili tu alikuwa amekwisha kula karibu nusu yake. Mwaka 1844 mali iliyosalia ikawekwa chini ya msimamizi wa sheria, na tangu siku hiyo Bwana Baudelaire akawa mtu mzima anayekatiwa posho kama mtoto. Madeni yalimwandama mpaka kaburini.

Mwaka 1857 alitoa diwani yake mashuhuri, Les Fleurs du mal, yaani Maua ya Uovu. Mahakama ilimtoza faini na kuyapiga marufuku mashairi sita. Hukumu hiyo ilikuja kufutwa mwaka 1949, yeye akiwa amekwisha lala kaburini miaka 82. Leo diwani hiyo ni miongoni mwa vitabu vikubwa vya ushairi wa Kifaransa.

Ndani yake imo sehemu nzima ya mvinyo. Kuhusu bangi na kasumba aliandika kitabu mbali, kilichotoka mwaka 1860, akionyesha jinsi vitu hivyo vinavyomnyang'anya mtu nia yake. Hapa ndipo ninapomwonea huruma. Madhara aliyajua na kuyaeleza vizuri kuliko mawaidha mengi, na huku mwenyewe akinywa kasumba iliyotiwa katika pombe ili kutuliza maumivu ya tumbo.

Mwezi wa Aprili 1864 alikwenda Brussels kutafuta riziki. Alitoa mihadhara, wasikilizaji wakawa wachache na malipo haba. Wachapishaji waliotoa Les Misérables ya Victor Hugo, ambao ndio waliokuwa tegemeo lake, walimkataa. Deni la hoteli likapanda, na uchungu ukageuka chuki.

Akaanza kitabu cha kuwatukana Wabelgiji. Alitukana nyuso zao, mwendo wao, vyakula vyao na mazungumzo yao. Faro, kinywaji cha watu wa kawaida wa mji ule, alidai kuwa imetokana na mto Senne, uliokuwa ukipita katikati ya mji ukibeba kila uchafu. Kweli mto ulinuka, na wakuu wa mji waliufunika kati ya mwaka 1867 na 1871. Lakini nionavyo mimi, kosa kubwa la faro lilikuwa kwamba si mvinyo, na Brussels si Paris.

Kitu kimoja alikipenda Ubelgiji: makanisa ya zamani ya Wajesuiti, hasa lile la Saint-Loup mjini Namur. Mwezi wa Machi 1866 alikwenda kulitazama pamoja na marafiki zake, akaanguka humo humo. Haukupita muda mrefu, upande wa kulia wa mwili ukapooza na maneno yakamtoka. Fundi yule wa lugha alibakiwa na neno moja tu la kuapiza, na watawa waliokuwa wakimuuguza walitishika kila alipolitamka. Alirudishwa Paris mwezi wa Julai. Alikufa tarehe 31 Agosti 1867, mikononi mwa mama yake, akiwa na umri wa miaka 46. Akazikwa katika kaburi moja na Jenerali Aupick, baba wa kambo aliyemchukia.

Kitabu chake cha matusi hakikumalizika. Ama bia za Wabelgiji, mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wake katika orodha ya turathi za wanadamu.

Sisemi kuwa mtu huyu aliadhibiwa. Hilo ni la Mola peke yake, na waganga wana maelezo yao. Bia pia si jambo langu. Ninalofikiria ni gilasi mbili zile. Mwenzetu wa melini alinusa, akakataa, akasikiliza, mwishowe akabadili neno lake. Baudelaire alikwisha hukumu kabla gilasi haijafika mezani, kwa sababu aliingia katika mji wa watu na hasira alizotoka nazo kwao. Mgeni wa namna hiyo hata asali humchachia mdomoni.

Wazee wetu walisema: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.