Livingstone huko Kabambare: muganga aliyeibiwa kinini yake

Kuanzia Julai 1870 hadi Februari 1871, muganga mmoja mzungu alikwama Kabambare, na kwa muda hakuweza kutembea. Vidonda vilikuwa vimemla miguu. Alisaga jiwe la kijani la shaba pamoja na maji, akalipaka kwa unyoya. Huyo ni David Livingstone. Sanduku lake la dawa, lenye kinini ndani, lilikuwa limeibwa tangu Januari 1867 na wapagazi waliomtoroka, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Siku ile alijiona kama mtu aliyehukumiwa kifo.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Scotland, katika familia maskini. Akiwa na miaka 10 alikuwa tayari kibarua katika kiwanda cha pamba. Alisomea uganga Glasgow, akafuzu mwaka 1840, kisha akaenda Afrika Kusini. Mwaka 1845 alimuoa Mary Moffat, binti wa mmisionari.

Mary alilipa bei kubwa ya safari za mumewe. Mwaka 1850 alivuka jangwa la Kalahari akiwa na mimba, na watoto wake wakashikwa na homa. Mtoto wa kike aliyezaliwa baada ya safari hiyo aliishi wiki chache tu. Mwaka uliofuata alivuka tena na mimba, akajifungulia njiani. Tarehe 27 Aprili 1862 homa ilimuua huko Shupanga, kando ya mto Zambezi, ingawa alipewa kinini.

Kinini hutoka kwenye ganda la mti wa sinkona wa Amerika ya Kusini. Mwaka 1820 Wafaransa Pelletier na Caventou waliitenga kutoka kwenye ganda hilo. Livingstone aliichanganya na dawa za kuharisha na kutengeneza vidonge vilivyopata sifa kubwa. Alimpa mgonjwa mpaka masikio yaanze kulia. Baadaye Wabelgiji walipanda sinkona Kivu, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kikawa kinatoa kinini.

Lakini dawa hiyo ilikuwa na jina lingine kwa mama wajawazito. Waganga wa Ulaya waliona kwamba kinini kwa kipimo kikubwa inaweza kukaza nyama ya kizazi. Kwa miaka mingi waliitumia pamoja na mafuta ya mbarika ili kuanzisha uchungu wa kuzaa. Wanawake wengine waliimeza kwa wingi ili kutoa mimba, na wengine walipofuka, wakawa viziwi au wakafa kwa sababu moyo ulisimama. Ndiyo maana watu wengi waliamini kwamba kinini inaangusha mimba.

Mwaka 1985 waganga waliokuwa wakifanya kazi Thailand walitangaza jambo lingine. Waliwapima wanawake wenye mimba kubwa na malaria kali waliokuwa wakipewa kinini kwa kipimo sahihi. Kizazi hakikukazwa zaidi na dawa. Kinyume chake, homa iliposhuka, mikazo ilipungua. Hatari waliyoiona ni sukari kushuka katika damu, jambo ambalo muganga anapaswa kulichunga.

Kwa hiyo, mara nyingi anayeisukuma mimba ni malaria yenyewe. Vijidudu vyake hujificha kwenye kondo la nyuma na kumnyima mtoto chakula, na homa huamsha kemikali za mwili zinazokaza kizazi. Mama anayeogopa dawa na kubaki nyumbani na homa anajiweka karibu zaidi na hatari aliyotaka kuikimbia.

Livingstone aliondoka Kabambare akiwa dhaifu, akafika Nyangwe, na tarehe 15 Julai 1871 akashuhudia watu wakiuawa sokoni. Alirudi Ujiji, ambako Stanley alimkuta. Alikufa tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia. Susi na Chuma, pamoja na wenzao, waliubeba mwili wake hadi pwani.

Leo mama mjamzito wa Kasongo au Kabambare ana njia ambayo Mary hakuwa nayo. Tangu Novemba 2022, Shirika la Afya Duniani linapendekeza artemeta-lumefantrini hata katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba. Kinini bado ina kazi yake, ila mikononi mwa muganga. Mama mwenye mimba akishikwa na homa, aende kituo cha afya siku hiyohiyo, na asijipimie dawa mwenyewe.