John Snow, munganga aliyepima usingizi

Huku Kirungu, mutu wetu akiangukiwa na jiwe ndani ya shimo na waganga wakisema lazima apasuliwe, jamaa huogopa usingizi kuliko kisu. Atalala, ataamka kweli? John Snow alitafuta jibu la ulizo hilo karibu maisha yake yote.

Alizaliwa York, Uingereza, tarehe 15/3/1813. Baba yake alikuwa mufanyakazi katika ghala la makaa ya mawe, watoto tisa nyumbani, John njo wa kwanza. Kwa miaka 14 alipelekwa Newcastle kujifunza uganga. Kolera ilipofika kule, walimutuma kwenye shimo la Killingworth kutunza wachimbaji. Kijana wa miaka 18 tu! Aliona namna wanakula mule chini bila kunawa mikono, choo hakuna. Kisha, mwaka wa 1854, akaonyesha London kwamba kolera inapita ndani ya maji. Sisi wa kando ya ziwa tungetosheka na kazi hiyo peke yake.

Lakini turudi kwenye usingizi. Mwisho wa 1846 habari ya eteri ilitoka Marekani: mugonjwa anavuta mvuke wa dawa, anapasuliwa bila kusikia. Mbele ya pale walikuwa wanamushika kwa nguvu. Waganga wakaanza kumwanga dawa kwenye kitambaa, ovyo ovyo. Snow akaona kwamba siku ya joto mvuke unazidi, siku ya baridi unapunguka. Basi akatengeneza chombo chenye kukaa ndani ya maji ya joto la kipimo, ili ajue mugonjwa anavuta kiasi gani.

Januari 1848, karibu na Newcastle, Hannah Greener, binti wa miaka 15, alipewa klorofomu juu ya ukucha wa mguu tu. Akafa palepale. Kwa maoni ya Snow, mvuke ulikuwa mukali mno, moyo ukasimama.

Tarehe 7/4/1853 akaitwa kwa malkia Victoria, aliyekuwa anazaa Leopold (si yule wa Congo, yule alikuwa mutoto wa mujomba wake). Snow akamupa klorofomu kidogo kidogo kwa dakika 53, na malkia hakulala kabisa. Toka pale wamama wengi wakaacha kuiogopa.

Alikufa tarehe 16/6/1858, na miaka 45, kitabu chake juu ya klorofomu kikiwa karibu kuisha. Klorofomu imeachwa, halotani na izoflurani zikashika nafasi yake. Lakini ile namba munganga wa usingizi anageuza kwenye mashine, 1, 2 ao 3, ni kipimo kilekile: katika hewa 100 anazovuta mugonjwa, ngapi ni mvuke wa dawa.