William Shakespeare na Mali ya Jamaa Yake

Jina la William Shakespeare si geni kwa wasomaji wa Kiswahili. Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri michezo yake miwili: ule wa Julius Caesar, uliotoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi, uliotoka mwaka 1969. Wengi wetu humfahamu kama bingwa wa maneno. Lakini mtu huyu alikuwa pia mjukuu wa mkulima, mwana wa fundi wa ngozi, na mwenye mashamba. Habari hizo zimetufikia kwa njia ya wasia, karatasi za mirathi na hati za ardhi ambazo Waingereza wamezitunza kwa zaidi ya miaka 400. Chama chetu kinapotimiza miaka kumi, tumeona yafaa kuwaeleza wanachama habari hizo, kwa maana ndani yake mna shamba lililopotea.

Babu yake, Richard Shakespeare, alikuwa mkulima wa kupanga katika kijiji cha Snitterfield, karibu na mji wa Stratford-upon-Avon. Alipofariki, mali yake iliorodheshwa na kuthaminiwa kuwa pauni 38 na shilingi 17, na mwaka 1561 mwanawe John akathibitishwa kuwa msimamizi wa mirathi. Mwenye ardhi aliyoilima Richard aliitwa Robert Arden. Huyu aliandika wasia mwezi wa Novemba 1556, akamwachia binti yake mdogo, Mary, shamba katika kijiji cha Wilmcote, pamoja na mazao yaliyokuwamo na fedha kidogo. Punde baadaye Mary akaolewa na John. Hivyo binti wa mwenye shamba akawa mke wa mwana wa mpangaji, naye akaja na ardhi yake.

John hakukaa kijijini. Alihamia Stratford, akawa fundi wa kulainisha ngozi na kushona glavu. Jina lake laonekana kwanza katika daftari za mji mwaka 1552, alipotozwa faini kwa kuweka lundo la taka barabarani. Miaka minne baadaye alikwisha nunua nyumba mbili, na mwaka 1568 akachaguliwa kuwa mkuu wa mji. Pamoja na glavu alifanya biashara ya sufu na kukopesha fedha, mambo yaliyomfikisha mahakamani. Kisha mambo yakamwendea kombo.

Mwaka 1578 John na Mary waliliweka rehani shamba la Wilmcote kwa pauni 40. Mkopeshaji alikuwa mtu wa nyumbani, Edmund Lambert, mume wa dada yake Mary. Fedha zilitakiwa kurudishwa mwishoni mwa Septemba 1580. John alidai kwamba siku ilipofika alizipeleka pauni 40 zote, lakini Lambert akakataa kuzipokea, akisema kuna madeni mengine yasiyolipwa. Mwaka 1587 Lambert akafa, shamba likabaki kwa mwanawe. Jamaa ya Shakespeare walishtaki mwaka 1588, na katika karatasi za kesi ile jina la William limeandikwa pamoja na ya wazazi wake. Walishtaki tena mwaka 1597. Shamba halikurudi.

William alizaliwa mwaka 1564. Basi shamba lilipowekwa rehani alikuwa kijana wa miaka 14. Alioa akiwa na miaka 18, akapata watoto watatu, kisha akaenda London kuwa mwigizaji na mtunzi wa michezo. Utajiri wake haukutokana na kalamu peke yake. Alikuwa mwenye hisa katika kikundi cha waigizaji, na nyumba ya michezo iitwayo Globe ilipojengwa mwaka 1599 yeye alikuwa na sehemu moja katika kumi. Sisi wanaushirika twajua maana ya jambo hilo: mwenye ujira hulipwa siku ya kazi, na mwenye hisa hupata pia fungu la faida.

Fedha zile alizirudisha nyumbani. Mwaka 1597, mwaka ule ule wazazi wake waliposhtaki mara ya pili, alinunua New Place, nyumba kubwa mjini Stratford. Hati yataja pauni 60. Miezi miwili baadaye aliyeiuza aliuawa kwa sumu na mwanawe mwenyewe, hata haki ya mnunuzi ikawa mashakani. Mwaka 1602 Shakespeare alifanya hati ya kuithibitisha na mrithi mwingine alipofikia umri wa kisheria. Mwaka huo huo alinunua eka 107 za shamba kwa pauni 320, na mwaka 1605 akatoa pauni 440 kununua haki ya kukusanya sehemu ya zaka za mazao. Hatusemi alikuwa mtu asiye na lawama. Mapema mwaka 1598, nafaka ilipokuwa haba, ghala yake ilikutwa na busheli 80 za kimea.

Wasia wake ni wa tarehe 25 Machi 1616, na mwezi uliofuata akafariki. Ni karatasi tatu, na kila moja ina sahihi yake. Sehemu kubwa ya mali alimwachia binti yake mkubwa, Susanna. Judith aliachiwa fedha. Maskini wa Stratford pauni 10. Joan, dada yake, alipewa haki ya kukaa katika nyumba ya baba yao maisha yake yote kwa kodi ya peni 12 kwa mwaka. Shakespeare alitaka ardhi ishuke kwa wajukuu wa kiume, lakini mwanawe wa pekee alikwisha kufa mwaka 1596, na Susanna hakupata mtoto wa kiume. Mjukuu wa mwisho, Elizabeth, alifariki mwaka 1670 bila mtoto. Nyumba ya baba ikabaki kwa kizazi cha Joan hadi mwanzoni mwa karne ya 19, nayo imesimama hata leo.

Basi, wasia haukuweza kumpa marehemu kizazi cha kudumu, lakini ulimhifadhia dada mjane mahali pa kulala. Na shamba la Wilmcote lilipotea kati ya ndugu, kwa deni ambalo kila upande ulilieleza kwa namna yake. Katika miaka hii kumi tumewaona mezani petu wajane na watoto wakiuliza hisa za marehemu, au shamba lililowekwa rehani kwa jirani kwa maneno ya mdomo. Mara nyingi tumeshindwa kuwajibu. Twawasihi wanachama waandike jina la mrithi katika daftari la Chama, waandike wasia mbele ya mashahidi, na wadai stakabadhi kwa kila deni wanalolipa, hata kama mkopeshaji ni shemeji.