Muhammed Said Abdulla na Kuumbwa kwa Bwana Msa

Muhammed Said Abdulla alizaliwa tarehe 25 Aprili 1918 huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Alimaliza masomo mwaka wa 1938, akaajiriwa katika idara ya afya kama mkaguzi. Wanaosimulia maisha yake huitaja kazi hii kwa sentensi moja kisha wakaipita. Mimi ningependa mtahiniwa aikumbuke. Mkaguzi wa afya huingia katika nyua za watu, huchungulia visima na mitaro, huuliza maswali yasiyopendwa, kisha huandika alichokiona wala si alichoambiwa. Abdulla aliishi na kazi hiyo kwa miaka kumi.

Mwaka wa 1948 aligeukia uanahabari. Alikuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na katika miaka iliyofuata akawa mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Kuanzia 1958 alihariri Mkulima, gazeti la kilimo, hadi alipostaafu mwaka wa 1968.

Enzi hizo, vitabu vingi vya hadithi vilivyosomwa shuleni kwa Kiswahili vilikuwa tafsiri. Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani ni mifano miwili: mashujaa ni Wazungu, ila wamepewa ulimi wa Kiswahili. Abdulla angeweza kumchukua Sherlock Holmes, mpelelezi wa London aliyeanza kusomwa mwaka wa 1887 katika kazi za Arthur Conan Doyle, akamtafsiri, yakaishia hapo. Badala yake alitunga hadithi yake mwenyewe, akaipeleka katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957/58, ikashika nafasi ya kwanza. Ilichapishwa kama riwaya mwaka wa 1960 kwa jina Mzimu wa Watu wa Kale.

Aliyemjua Holmes humtambua Bwana Msa papo hapo. Anavuta kiko. Ana rafiki, Najum, anayeandamana naye kama Dkt. Watson anavyoandamana na Holmes, na kumuuliza yale ambayo msomaji naye angetaka kuuliza. Yupo pia askari, Spekta Seif, ili akili ya raia ipimwe kando ya akili ya serikali. Je, huu ni wizi? La. Conan Doyle naye alikuwa na deni kwa Dupin, mpelelezi aliyeumbwa na Edgar Allan Poe mwaka wa 1841, na kwa Joseph Bell, mwalimu wake wa udaktari kule Edinburgh, aliyeweza kutaja kazi ya mgonjwa kwa kumtazama tu.

Tazama basi kile ambacho Abdulla hakukikopa. Jina Msa ni herufi za kwanza za majina yake mwenyewe. Maiti ya Bwana Ali inapatikana kwenye mzimu, mahali panapoheshimiwa na kuogopwa. Huko London, Holmes hukuta watu wasiojua nani ameua. Bwana Msa hukuta watu wenye jibu tayari: ni mambo ya mizimu, yaachwe. Kwa hiyo ana kazi mbili, kumpata muuaji na kuwashawishi watu kwamba yupo muuaji wa kutafutwa. Kazi hiyo ya pili haimo kabisa katika mifupa ya Holmes; imetoka Unguja, na ndiyo inayomfanya Msa awe mtu kamili. Katika Kisima cha Giningi (1968) mwandishi alirudia mbinu hiyo, kwani Giningi katika imani za Wazanzibari ni makao ya wachawi. Riwaya zilizofuata zilizama zaidi katika siri za nasaba na urithi: nani mwana wa nani, na nani alifichwa.

Ninalisisitiza hili kwa sababu ya insha za kubuni katika karatasi ya 102/1. Mtahini hukutana mara kwa mara na mpelelezi mwenye koti refu na miwani myeusi, ametoka moja kwa moja kwenye filamu. Mwandishi wake huenda anaishi Ewuaso Kedong, ambako mchungaji hutambua ng'ombe kwa chapa na alama za masikio, na husoma kwato mavumbini akajua kundi lilipita saa ngapi. Huyo mchungaji ana macho ya Holmes tayari. Mpe ng'ombe aliyepotea, jirani anayesema amebebwa na fisi, na sababu ya jirani kusema hivyo. Alama za usawiri wa mhusika zitapatikana hapo.

Abdulla aliendelea na Bwana Msa baada ya kustaafu: Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Ulimwengu wa hadithi hizo ni Unguja ya kabla ya Mapinduzi ya 1964, na wapo wahakiki wanaomlaumu kwa hilo. Lawama hiyo ina uzito, ingawa haipunguzi uhai wa mhusika. Kosa la Bwana Msa ilitoka mwaka wa 1984, miaka 24 baada ya riwaya ya kwanza. Mwandishi alifariki mwaka wa 1991.