Bibi Salme, Binti wa Sultani Aliyeacha Dini ya Kwao

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za wafalme, wasafiri na watakatifu. Leo nataka kuwasimulia habari za mwanamke mmoja wa Unguja, ambaye hakuwa mtakatifu wala hakushinda vita. Sababu ya kumchagua nitaieleza mwishoni.

Salme binti Said alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, karibu na mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said, mtawala wa Omani na Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria Mcherkesi. Zamani zile mabinti wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Elimu hiyo ndiyo iliyomtia katika matata ya kwanza. Baba yake alifariki baharini mwaka 1856, na mama yake akafa kwa kipindupindu mwaka 1859. Mwaka huo huo Barghash alifanya shauri la kumpindua nduguye Majid, aliyekuwa sultani. Salme, msichana wa miaka 15, alijua kuandika, basi akafanywa mwandishi wa barua za wale waasi. Shauri likavunjika. Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki na aibu. Baadaye alipatana na Majid, na kwa hiyo watu wa upande wa Barghash wakamchukia.

Hata akafahamiana na jirani yake mjini, Rudolph Heinrich Ruete, mfanya biashara wa Hamburg. Urafiki ukawa mapenzi, na Salme akawa mja mzito. Kwa mwanamke Mwislamu, tena binti wa sultani, kuolewa na Mkristo lilikuwa jambo lisilowezekana, na maisha yake yalikuwa hatarini. Mwezi wa Agosti 1866 aliondoka usiku kwa manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, akaenda Aden. Huko akajifungua mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, na siku ile ile akafunga ndoa. Kisha wakasafiri kwenda Ujerumani, na mtoto wao mchanga akafa njiani.

Tazameni sasa hali yake. Alifika Hamburg hajui Kijerumani. Na mumewe walizungumza Kiswahili. Baridi ilimtesa, na watu walimkodolea macho kama kitu cha maonyesho. Akazaa watoto watatu. Halafu, Agosti 1870, mumewe aliangukia chini ya tramu ya farasi akafa. Mtoto wa mwisho alikuwa hajatimiza mwaka.

Wengi walidhani kwamba sasa atarudi kwao, lakini kurudi hakukuwa rahisi. Mwaka ule ule Majid alifariki, na Barghash akashika utawala. Mwaka 1875 Barghash alipozuru London, Emily alikwenda huko akitaka kumwona, lakini Waingereza wakamzuia kwa ahadi ambazo hawakuzitimiza. Agosti 1885 alifika Unguja pamoja na meli za kivita za Wajerumani, waliokuja kumlazimisha Barghash akubali utawala wao bara. Walimtumia yeye kama chombo cha kumtisha nduguye. Utawala huo ndio uliofika baadaye hata kwetu Gisenyi, ukakaa mpaka mwaka 1916. Emily hakupata urithi wake. Alikwenda tena mwaka 1888, akarudi mikono mitupu.

Lakini hakukaa kulia tu. Alihama mji hata mji, akafundisha Kiarabu ili awalishe watoto wake. Mwaka 1886 akatoa kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani, lugha ambayo miaka 20 kabla hakuijua hata neno. Kitabu hicho kinasomwa mpaka leo. Lakini tusimpambe kupita kiasi: ndani yake aliutetea utumwa, na kwa sababu hiyo mji wa Hamburg uliondoa jina lake katika uwanja mmoja uliokuwa umepewa jina hilo.

Tena alikiri wazi kwamba aliondoka kwao akiwa Mwarabu kamili na Mwislamu mwema, na kwamba baadaye alijiona kuwa Mkristo dhaifu na Mjerumani nusu. Alibatizwa kabla moyo wake haujafundishwa. Aliishi miaka mingi Beirut, akafa Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg. Katika vitu vyake ulionekana mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja.

Sasa niseme sababu yangu. Baba yangu ni mzee wa kanisa. Dada yangu mkubwa aliolewa na Mwislamu, akaifuata dini ya mumewe, na sasa anakaa Goma, ng'ambo ya mpaka. Kutoka nyumbani kwetu mtu anaweza kwenda kwake kwa miguu na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Hata hivyo kwa miaka minne jina lake halikutajwa mezani, na mimi nami nilinyamaza, nikidhani kwamba kunyamaza ni kuitetea imani.

Niliposoma habari za Salme niliona kwamba mumewe alikufa, lugha ilikuwa ngumu, baridi ilikuwa kali. Lakini lililomuumiza zaidi ni mlango wa ndugu zake uliofungwa. Mlango huo haukumrudisha katika dini ya baba yake. Ulimtia tu mikononi mwa watu waliomtumia kwa faida yao.

Wakati wa likizo nilimwambia baba kwamba nataka kwenda Goma kumwamkia dada. Hakunijibu. Asubuhi nilivaa viatu mbele yake, naye hakunikataza. Dada alinipikia, tukala, akaniuliza habari za mama kwanza, kisha za baba. Niliporudi jioni baba aliniuliza neno moja tu, kama dada ni mzima. Nikasema ni mzima.

Wenzangu, mimi ni Mkristo, na sisemi kwamba dini zote ni sawa. Nasema tu kwamba mtu akiiacha dini ya kwao hauachi undugu, isipokuwa sisi tuliobaki tumnyang'anye. Mwenye ndugu wa namna hiyo, na aende kumwamkia likizo ijayo.