Zélie Martin: Mama Aliyemtafuta Mungu Kando ya Dirisha Lake



Leo nianze kwa kukiri kosa langu. Jioni moja nilirudi kutoka kwenye mkutano wa jumuiya ndogo ndogo, ambako nilikuwa nimefundisha juu ya sala katika familia. Nilimkuta mama watoto ameketi karibu na taa akishona sweta ya shule iliyotoboka kiwiko. Nikamuuliza, kwa sauti ya ukali kidogo, kwa nini hakuja kusali na wenzake. Hakunikasirikia. Aliniuliza tu mtoto angevaa nini asubuhi, kisha akaendelea na kazi yake. Usiku ule usingizi ulinipaa. Niliona kuwa nilikuwa nimemfungia Mungu kanisani na kwenye mikutano yetu, nikasahau kwamba nyumbani pia yupo.

Tangu siku hiyo nimependa kuwasimulia wanandoa maisha ya mama mmoja Mfaransa. Jina lake ni Zélie Martin. Huenda humjui, lakini binti yake mdogo unamjua: ni Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, yule mtawa kijana mwenye maua ya waridi, ambaye picha yake imetundikwa katika nyumba zetu nyingi. Leo tumwache binti kidogo, tumtazame mama.

MLANGO ULIOFUNGWA

Zélie alizaliwa tarehe 23 Desemba 1831 katika kijiji cha Gandelain, kaskazini magharibi mwa Ufaransa. Jina lake la kwao lilikuwa Guérin. Wazazi wake walikuwa Wakristo wa kweli, lakini mama yake alikuwa mkali sana. Zélie alikua bila kubembelezwa, na hata mwanasesere mmoja wa kuchezea hakupewa. Alikumbuka utoto wake kwa huzuni. Hata hivyo hakuwalipiza watoto wake ukali huo. Aliwapenda, akacheza nao, akawasikiliza. Wewe uliyelelewa kwa fimbo na matusi, fahamu kwamba si lazima uirithishe fimbo hiyo.

Alipokuwa msichana, familia ilihamia mji wa Alençon. Huko alitamani kuwa sista na kuwahudumia wagonjwa. Akaenda kuomba kupokelewa kwa Masista wa Mtakatifu Visenti wa Paulo. Mama mkuu akamkatalia. Zélie alirudi nyumbani na machozi, lakini hakukaa chini kulalamika. Alimwomba Mungu, kama angeolewa, amjalie watoto wengi, na wote wawe wake.

Tarehe 8 Desemba 1851, katika sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, alisikia moyoni kwamba ashike kazi ya lesi. Alençon ilisifika kwa lesi yake, kitambaa chepesi chenye matundu ya maua, kama kile unachokiona kwenye gauni la bibi arusi au ukingoni mwa kitambaa cha altare. Lesi ya Alençon hushonwa kwa sindano na uzi mwembamba mno. Sentimita moja ya mraba, yaani kipande kama ukucha wa kidole kidogo, huchukua takriban saa 7 za kazi. Mwaka wa 1853 Zélie alianzisha biashara yake mwenyewe.

Mjini humo humo alikuwapo fundi wa saa aitwaye Louis Martin, aliyezaliwa mwaka wa 1823. Naye alikuwa amekataliwa. Alitaka kuwa mtawa katika monasteri ya milima ya Alpi, lakini hakujua Kilatini, akaambiwa arudi akasome. Siku moja mwaka wa 1858 hao wawili walipishana darajani. Zélie hakuwa anamjua, lakini alihisi moyoni kwamba huyu ndiye aliyeandaliwa. Baada ya miezi mitatu walifunga ndoa, usiku wa manane kuamkia tarehe 13 Julai 1858.

Tazama mambo ya Mungu! Milango miwili ya utawa ilifungwa, kumbe ilikuwa inawasukuma kwenye daraja moja.

TENDO LA NDOA SI KIZUIZI

Hapa pana jambo ambalo wanandoa wengi huona haya kuliuliza. Mwanzoni Louis na Zélie waliishi kama kaka na dada kwa muda wa miezi kumi hivi, wakidhani kwamba huo ndio utakatifu mkubwa zaidi. Padre mmoja akawashauri waishi kama mume na mke, wawe wazazi. Walitii, wakapata watoto tisa. Kwa hiyo, wewe mume na wewe mke, msidhani kwamba chumba chenu ni mahali ambapo Mungu hugeuza uso wake. Sakramenti ya Ndoa mliyopeana altareni inaishi humo pia.

MUME ALIYEACHA DUKA LAKE

Zélie aliwagawia wanawake kazi waifanyie majumbani mwao. Kila mmoja alishona sehemu yake, na siku ya Alhamisi walimletea vipande. Kazi ya kuviunganisha aliifanya mwenyewe, akikaa dirishani apate mwanga. Kuunganisha ndiko kugumu kuliko yote, kwa maana lesi nzuri haionyeshi mahali ilipoungwa. Kipande kikiharibika, hakutupa. Alikaa akakirekebisha uzi kwa uzi.

Biashara ikakua kuliko duka la saa. Hapa ndipo ninapotaka akina baba wasome polepole. Mwaka wa 1870 Louis aliliuza duka lake kwa mpwa wake, akajiunga na kazi ya mkewe. Alishughulikia hesabu na oda, akasafiri hadi Paris kuiuza lesi. Hakuona kwamba ameshushwa heshima. Katika mashauri yangu nimekutana na nyumba ambamo mke akianza kupata kuliko mume, basi amani inakwisha. Pesa za mama zinafichwa, na baba anahamia nje hadi usiku. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa Louis na Zélie swali halikuwa nani anapata zaidi. Walijiuliza watoto, wafanyakazi na maskini watalishwaje.

Nao hawakumsahau Mungu katika shughuli hizo. Asubuhi, saa kumi na moja na nusu, walikwenda Misa pamoja. Jumapili Louis hakufungua duka, hata wateja walipopita kwa jirani. Mfanyakazi akiugua, Zélie alikwenda kumtazama. Nyakati nyingine alichoka hadi akatamani kuyaacha yote. Usidhani watakatifu hawakuchoka.

MAKABURI MADOGO MANNE

Sasa tufike mahali pagumu. Louis na Zélie walitamani mwana wa kiume awe padre na mmisionari. Mwaka wa 1866 walimpata Joseph. Akafa akiwa na miezi mitano. Mwaka uliofuata wakapata mwana mwingine, wakampa jina lile lile la Joseph. Akafa akiwa na miezi minane. Februari 1870 alifariki Hélène, binti wa miaka mitano. Oktoba mwaka huo huo akafariki Mélanie-Thérèse, mtoto wa karibu miezi miwili.

Huyu wa mwisho alikufa kwa uzembe wa mtu. Zélie alikuwa na shida ya titi, hakuweza kunyonyesha, na siku zile mama wa namna hiyo alimkabidhi mtoto kwa mwanamke mwingine amnyonyeshe kwa malipo. Yule aliyepewa mtoto hakumlisha. Zélie alipogundua, njaa ilikuwa imekwisha kumaliza kazi yake.

Majirani walimwambia afadhali asingewazaa watoto hao. Ninyi mliozika mtoto mnayajua maneno kama hayo, yanayosemwa kwa nia ya kufariji yakachoma kama msumari. Zélie hakukubali maneno hayo. Aliamini kwamba watoto wake wanaishi kwa Mungu, na kwamba atawaona tena. Alilia sana, lakini alilia kama mtu anayengoja.

Halafu, tarehe 2 Januari 1873, alizaliwa Teresa. Baada ya miezi miwili naye akawa mahututi. Zélie alitoka alfajiri akatembea hadi kijijini Semallé kumtafuta mama wa kunyonyesha aliyemwamini. Walipofika nyumbani yule mama alimtazama mtoto, akatikisa kichwa kana kwamba amechelewa. Zélie alikimbilia ghorofani, akapiga magoti kwa Mtakatifu Yosefu, akasema moyoni Mungu afanye apendavyo. Aliposhuka, mtoto alikuwa ananyonya. Ukumbuke, msomaji, hakukaa nyumbani kungoja muujiza. Alitembea kwanza, kisha akapiga magoti. Miguu na magoti vyote ni vya sala.

MTOTO ALIYEUMIA NDANI YA NYUMBA

Watoto waliobaki walikuwa watano, wote wasichana. Wa tatu, Léonie, alikuwa mtoto mgumu. Shule zilimshinda, hakusikia la mtu. Zélie alijaribu upole, akajaribu ukali, akakata tamaa. Alipojua anaugua, alijiuliza nani angemvumilia mtoto huyu baada yake.

Zélie alikuwa na dada yake, mtawa, aliyekuwa karibu kufa. Akamwomba kwamba akifika kwa Mungu, amkumbuke Léonie. Dada huyo alifariki Februari 1877. Majuma machache baadaye siri ikafichuka: mtumishi wa nyumbani alikuwa amemtesa Léonie kwa muda mrefu na kumtisha asimtii mtu mwingine ila yeye. Mama aliyeona kosa la uzi mmoja katika lesi hakuwa ameyaona machozi ya mwanawe chini ya paa lake.

Simulizi hili halipendezi, lakini ndilo lililonifanya nimwamini Zélie. Alikuwa mtakatifu, na bado jambo hili lilimpita. Alipolijua hakujitetea kwamba alikuwa na kazi nyingi. Alimwondoa Léonie mikononi mwa yule mtumishi, akamweka karibu naye, akampenda kwa miezi michache aliyobakiwa nayo. Mtoto akabadilika, akawa hataki kumwacha mama yake. Kumbe ule uliodhaniwa ni ukaidi ulikuwa hofu. Ninyi mnaoondoka asubuhi na kurudi usiku, mkimwacha mtoto na mfanyakazi, au kwa jamaa, au bwenini: mtoto akibadilika ghafla, msikimbilie kiboko. Keti naye. Muulize, umsikilize.

HIJA ISIYOJIBIWA ALIVYOTAKA

Titi lake lilikuwa na uvimbe kwa miaka mingi. Desemba 1876 daktari alimwambia ni saratani na upasuaji hautafaa. Juni 1877 alisafiri hadi Lourdes pamoja na binti zake watatu wakubwa kuomba uponyaji. Safari ilikuwa ya taabu. Aliingia katika maji baridi mara nne, na hakupona.

Louis alibaki nyumbani akingoja habari njema. Zélie alirudi na maumivu yake, lakini akiwa mchangamfu hadi mumewe akashangaa. Hakutaka nyumba yake izimike kabla yake. Aliendelea na sindano karibu hadi mwisho, akafariki tarehe 28 Agosti 1877, akiwa na umri wa miaka 45. Teresa alikuwa na miaka minne.

Louis aliwahamishia mabinti Lisieux, karibu na mjomba wao, akawalea. Yeye naye alifariki mwaka wa 1894 baada ya ugonjwa mrefu. Mabinti wote watano wakawa watawa. Hata Léonie, aliyejaribu utawa akashindwa mara tatu, alipokelewa moja kwa moja mwaka wa 1899, na mwaka wa 2015 kesi ya kumtangaza mwenye heri ilifunguliwa. Na yule mmisionari waliyemwomba? Mwaka wa 1927 Kanisa lilimtangaza Teresa kuwa msimamizi wa misioni ulimwenguni pote.

Tarehe 18 Oktoba 2015, wakati maaskofu walipokutana Roma kwa sinodi juu ya familia, Papa Fransisko aliwatangaza Louis na Zélie kuwa watakatifu, mume na mke pamoja. Sikukuu yao ni tarehe 12 Julai.

KWENU NINYI WANANDOA

Zélie aliacha barua zaidi ya 200. Ukizisoma utakuta watoto wanaougua, nguo, oda zilizochelewa, malipo ya wafanyakazi, na katikati ya hayo yote Mungu anatajwa kama mtu aliyeketi nao mezani. Basi juma hili fanyeni mambo matatu.

Kwanza, kila mmoja amwambie mwenzake kazi moja ya nyumbani anayoifanya bila kushukuriwa. Mwenzake aishukuru.

Pili, ketini na yule mtoto anayewasumbua kuliko wote, bila fimbo na bila haraka.

Tatu, kama kuna kipande cha ndoa yenu kilichoraruka, msikitupe. Kaeni mahali penye mwanga, mkiunge uzi kwa uzi.

Mimi jioni iliyofuata nilimshikia mama watoto taa. Alipomaliza kushona, tulisali Salamu Maria tatu, na sweta ile ikiwa magotini pake.

Watakatifu Louis na Zélie Martin, mtuombee.