Simpson, mtoto wa mwoka mikate aliyetuliza uchungu wa uzazi

Mama akielezwa habari za epidurali, ile sindano ya mgongoni inayotuliza uchungu wa kujifungua, mara nyingi huuliza: nikichomwa hiyo, si nitaishia kupasuliwa? Hofu hiyo ina umri mkubwa. Daktari mmoja wa Scotland alikutana nayo zaidi ya miaka 170 iliyopita.

James Young Simpson alizaliwa tarehe 7 Juni 1811 katika mji mdogo wa Bathgate, mtoto wa kiume wa saba wa mwoka mikate. Fedha hazikuwa nyingi, lakini nyumba nzima ilijibana ili huyu mmoja asome. Akiwa na miaka 14 aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh. Huko alimwona mwanamke akikatwa titi akiwa macho, maana dawa ya usingizi haikuwepo, na nusura aache udaktari siku hiyo. Alibaki, akachagua ukunga, kazi ambayo madaktari wengi wa siku zile waliidharau. Mwaka 1840, akiwa na miaka 28, alipata uprofesa wa ukunga kwa tofauti ya kura moja.

Januari 1847 alimvutisha mvuke wa etha mama mmoja mwenye nyonga zilizopinda. Etha ilikuwa imeanza kutumika hadharani Marekani miezi michache tu kabla, kwa ajili ya upasuaji. Simpson alitaka kujua jambo moja: mama akilala, je, mji wa mimba nao utalala? Haukulala. Uliendelea kujikaza na kuachia kama kawaida. Kwetu sisi, hilo ndilo jambo kubwa zaidi aliloliona maishani, ingawa jina lake lilivuma kwa jambo lingine.

Etha inanuka na inawasha koo, kwa hiyo akatafuta dawa nyingine. Usiku wa tarehe 4 Novemba 1847, nyumbani kwake, yeye na madaktari wenzake wawili walivuta klorofomu wakiwa mezani, wakaanguka wote chini. Wangeweza kufa. Siku chache baadaye alikuwa akiwapa akina mama.

Makelele yakaanza. Wako waliosema Mungu alimwagizia Hawa azae kwa uchungu, hivyo kuutuliza ni dhambi. Simpson, aliyeijua Biblia vizuri, aliwakumbusha kwamba Adamu alitiwa usingizi mzito kabla ya kutolewa ubavu. Wapinzani wagumu zaidi walikuwa madaktari. Charles Meigs wa Philadelphia alishikilia kwamba uchungu una kazi yake, na kuuondoa ni kuvuruga uzazi. Tena hatari ilikuwa ya kweli: Januari 1848, karibu na Newcastle, msichana wa miaka 15 alikufa baada ya kupewa klorofomu ili ang'olewe ukucha wa mguu.

Mwaka 1853 Malkia Victoria wa Uingereza alijifungua kwa klorofomu, akipewa na daktari John Snow, na wengi wakanyamaza. Simpson alifariki tarehe 6 Mei 1870. Familia ilikataa azikwe Westminster pamoja na wakubwa wa nchi, akalazwa Edinburgh, karibu na watoto wake waliomtangulia.

Klorofomu imeshaachwa. Epidurali ni kitu tofauti: mrija mwembamba huwekwa sehemu ya chini ya mgongo, dawa hupita humo, na mama hubaki macho. Lakini swali la Meigs lilibaki, na kwa macho tu ni rahisi kulijibu vibaya. Mwenye uchungu mkali na mrefu ndiye anayeomba sindano, na huyo huyo ndiye aliyekuwa karibu na upasuaji tangu mwanzo. Sindano inabeba lawama isiyo yake.

Ndiyo maana watafiti waliwagawa akina mama kwa bahati nasibu, hawa epidurali, hawa njia nyingine. Majaribio hayo yalipounganishwa mwaka 2018, yakiwa na wanawake zaidi ya 11,000, uwezekano wa kupasuliwa haukuongezeka. Katika majaribio ya zamani, watoto wengi zaidi walivutwa kwa koleo au kwa vakyumu. Katika yale ya baada ya mwaka 2005, dawa ikiwa imepunguzwa ukali, tofauti hiyo haikuonekana tena. Madhara mengine yapo: presha kushuka, homa, miguu kuwa mizito, mkojo kugoma, na uchungu kuchukua muda mrefu zaidi.

Epidurali inahitaji mtaalamu wa usingizi na mtu wa kumwangalia mama muda wote, na vituo vingi vya vijijini havina watu hao. Zipo njia nyingine ambazo Shirika la Afya Duniani linazikubali: sindano za kawaida za kutuliza maumivu, kukandwa mgongo, kitambaa cha maji ya moto na mazoezi ya kupumua. Siku ya kliniki, kabla uchungu haujaanza, ndiyo siku ya kumuuliza mkunga kituo chenu kina ipi kati ya hizo.